Fundi wa Veranda na Watoto wa Paka

Fundi hakuwa mtu wa kupenda paka. Aliyemwambia kwamba anawapenda alirudi wiki iliyofuata akakuta suruali yake iko vilevile alivyoileta, haijaguswa hata kwa chaki. "Mimi napenda nguo," alikuwa akisema, pini zimebanwa mdomoni. "Panya anakula nguo. Paka anakula panya. Basi. Hapo mapenzi iko wapi?"

Nilimjua kwa miaka mingi, tangu vita vya pili vya Wazungu vilipokuwa vinaelekea kwisha. Nilikuwa nikiuza maharagwe mbele ya duka la Mhindi mmoja mjini Kitale, naye alishona kwenye veranda ya duka hilohilo. Kati yetu kulikuwa na nguzo moja na mtaro wa maji ya mvua. Sote tulitoka upande wa Bungoma; mimi niliolewa Matisi, kando ya mji, na yeye, aliyekuwa amefiwa na mke, alipanga chumba hukohuko. Jina lake alilobatizwa nililisikia kanisani labda mara moja, na sikumbuki kama kuna mtu aliyelitumia. Alikuwa Fundi. Mimi aliniita Mama Nekesa, kwa jina la binti yangu wa kwanza.

Alivaa koti kila siku, jua liwake au ukungu wa milima ya Cherangany utuangukie. Viatu vyake havikuwa na kamba, kwa sababu alipenda kuvivua haraka na kukanyaga pedali ya cherehani kwa mguu mtupu. Alisema mguu mtupu unasikia uzi kabla haujakatika. Alisema mambo mengi. Siku moja alikuwa amewahi kumshonea gavana. Siku nyingine alikuwa amemshonea mpishi wa gavana. Hakupenda kutumia futi ya kupimia. Alimtazama mteja kuanzia mabega hadi magoti, akafumba macho, akakata kitambaa. Mara nyingi alipatia. Alipokosea, kosa halikuwa lake.

"Fundi, hii koti inanibana."

"Si koti. Ni wewe umekula."

Katika kwaya aliimba sauti ya chini, na akisimama kutoa ushuhuda aliwakemea walevi mpaka wengine wakainama. Lakini kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani, alijifungia chumbani mwake Jumamosi moja na mtungi wa busaa, akanywa peke yake bila kelele. Kesho yake alikuwa kwenye mstari wa kwaya, shati limepigwa pasi, akikemea kama kawaida. Nilimuuliza siku moja. Akaniambia ile si pombe, ni mavuno.

Paka wake wa kwanza, jike la kijivu, alikuja mwenyewe. Mhindi alikuwa ameanza kuweka magunia ya mahindi nyuma ya duka. Panya walikuja kwa ajili ya mahindi, wakabaki kwa ajili ya vitambaa. Waliwahi kutafuna gauni la arusi la msichana wa Kachibora, kifuani kabisa, wakati arusi imebakiza siku chache. Fundi alifunika tundu kwa maua aliyoyakata kutoka kwenye masalio ya kitambaa hichohicho, akamwambia mama wa bibi arusi kwamba hiyo ndiyo fesheni mpya ya Nairobi. Mwaka uliofuata wasichana wengine wa Kachibora walikuja kuagiza maua ya kifuani. Lakini baada ya tukio hilo, paka wa kijivu alipewa sanduku la masalio ya nguo chini ya meza ya kukatia, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kulisogeza.

Watoto wa kwanza waliozaliwa katika sanduku hilo walikufa wote, na ni yeye aliyewaua. Walikuwa na viroboto, na mpita njia alimwambia awapake mafuta ya taa. Akawapaka. Walikuwa wadogo mno, hata macho hawajafungua. Walilia, wakatetemeka, mama yao akawa anawakwepa kwa ile harufu, na kabla jua halijazama walikuwa wamelala kila mmoja upande wake. Fundi aliwazika nyuma ya ghala, akanawa mikono, akarudi kushona. Siku iliyofuata aliniambia bila mimi kuuliza, "Nimeua mimi. Si viroboto." Yule mpita njia hakumtaja tena. Nilishangaa, kwa sababu huyu ndiye mtu ambaye hakuwahi kukubali kosa la mkono wa shati.

Tangu hapo alianza kuulizauliza. Aliwauliza wanawake waliolea wana-kondoo waliokataliwa na mama zao. Alimuuliza mzee mmoja aliyekamua ng'ombe kwenye shamba la mzungu. Aliniuliza mimi kuhusu watoto wachanga, maswali ambayo mwanamume wa kwetu hamuulizi mke wa mtu, lakini aliyauliza akitazama sindano, nami nikayajibu nikipepeta maharagwe. Mengi aliyoambiwa aliyatupa. Yaliyobaki aliyashika kama sheria.

Asubuhi, kabla hajaifunua cherehani, alinawa kwa sabuni na kuingiza mkono ndani ya sanduku. Watoto wazima, alisema, wanalala wamerundikana kama maandazi kwenye sinia, kimya, na ukiwatazama vizuri utaona ngozi yao inarukaruka usingizini. Anayelala kando peke yake ndiye wa kumwangalia kwanza. Anayelia bila kukoma ana njaa au ana baridi. Aliyelia sana kisha akanyamaza, na tumbo bado limebonyea, huyo ndiye aliyemwogopesha. Alimtia ncha ya kidole mdomoni: mzima anavuta kidole, na mdomo wake una joto. Mgonjwa anakiacha tu, na ndani ya mdomo kuna ubaridi. Alivuta ngozi ya shingo kidogo na kuiachia. Ikirudi mara moja, vizuri. Ikibaki imesimama kama rinda la sketi, mwili umekauka maji. Alitazama ufizi: ukiwa mweupe kama kitambaa kilichofuliwa mno, viroboto wamemnywa damu. Viroboto sasa aliwatoa kwa kitana cha meno membamba na maji ya uvuguvugu, mtoto mmoja mmoja, na kumkausha palepale. Alitazama kitovu kama kimevimba au kinanuka, na macho kama yametuna kwa usaha ndani ya kope zilizofungwa.

Siku moja ya mwezi wa saba, baridi ya Kitale ikiwa imeingia mpaka kwenye mifupa, nilimwona mtoto mmoja ametoka nje ya sanduku, amelegea. Fundi alikuwa ndani ya duka. Nilikuwa na maziwa kidogo kwenye kikombe, nikamwinua yule mtoto nimnyweshe.

"Mama Nekesa, weka hiyo kikombe chini." Alikuwa amesimama mlangoni, nyuzi begani.

"Lakini ana njaa, Fundi."

"Iko baridi. Tumbo ya baridi haisagi maziwa. Itaoza ndani, ama itaingia kwa kifua. Moto kwanza, maziwa baadaye."

Mteja mmoja aliyekuwa akingoja alisema basi amweke karibu na pasi ya makaa. Fundi akamtazama kama mtu aliyependekeza mtoto awekwe motoni. Moto wa ghafla unaua, alisema. Akafungua vifungo vya shati, akamweka yule mtoto kwenye ngozi ya kifua chake, akafunga koti juu yake, akaketi na kuendelea kushona. Waliopita siku hiyo walidhani ameota kitambi. Sanduku nalo akaliwekea chupa ya dawa iliyojazwa maji ya moto, ameizungushia kipande cha blanketi, upande mmoja tu, ili watakaosikia joto limezidi waweze kujiburura upande mwingine. Mchana ulipokuwa umesogea alifungua koti. Mtoto alikuwa anatikisa kichwa huku na huku, anatafuta chuchu kwenye kifua cha mwanamume. "Sasa," akasema Fundi, "sasa anyonye." Akamrudisha kwa mama yake.

Mama asipokuwa na maziwa, alitumia ya mbuzi, yamechemshwa na kupoa mpaka yakawa na joto la mwili. Ya ng'ombe aliyakataa. Alisema yanawaharisha, na mtoto wa ukubwa ule akiharisha asubuhi, jioni humwoni. Alimlaza mtoto kifudifudi, kichwa kimeinuka kidogo, kamwe si chali kama mtoto wa mtu, akamdondoshea kwa utambi wa pamba safi, tone baada ya tone. Akishashiba, alimpangusa chini ya mkia kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, taratibu, mpaka akojoe. Kazi hiyo huifanya ulimi wa mama; usipokuwepo, mtoto hawezi kukojoa mwenyewe. Wateja walicheka sana kumwona mtu mwenye koti akipangusa matako ya paka.

"Na wewe," aliwauliza, "nani alikupangusa?"

Ukali wake mwingine ulikuwa wa kuzuia. Paka mwenye mimba alilishwa omena, wale dagaa wakavu, mpaka Mhindi akalalamika kwamba khanga zake zinanuka ziwa. Vitambaa vya sandukuni vilibadilishwa na kufuliwa kila mara. Mtu aliyetoka nyumba yenye paka mgonjwa hakukanyaga veranda. "Simama hapo kwa mtaro," Fundi alimwambia, "ongea kutoka hapo." Na hakuna mtoto aliyeondoka kabla hajaanza kula mwenyewe na kumchokoza mama yake. Mzee mmoja wa kanisa letu alikuja na kikapu, akiwa ameahidiwa mtoto wa paka. Fundi alimrudisha na kikapu chake kitupu, mara mbili, na katika ibada ya Jumapili wakaimba bila kutazamana.

Sitaki ionekane kwamba hakukosea tena. Aliamini kwamba mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua ya mawe hana maisha, na aliyezaliwa hivyo hakumshughulikia hata kidogo. Mmoja wa hao, dume mwenye mkia uliopinda, alikua akawa mkamata panya hodari kuliko wote waliowahi kutoka pale. Fundi alidai kwamba alilijua hilo tangu mwanzo. Na wengine walikufa mikononi mwake ingawa alifanya kila kitu. Alifua tu vitambaa.

Alikuwa na kaka kule Misikhu, upande wa Bungoma. Kaka huyo alikuwa na ghala la nafaka pale sokoni, mtu mnene, mtulivu, aliyeheshimiwa kanisani. Waligombana juu ya shamba la baba yao kabla mimi sijamjua Fundi, na hawakuwa wamesemezana tangu wakati huo. Mimi maharagwe yangu niliyanunua Misikhu, kwa hiyo nilipita katikati yao mara kwa mara. Hawakunituma. Kaka aliuliza tu, akifunga gunia langu, "Yule mtu wa cherehani bado anaishi?" Nikasema anaishi. Nikirudi Kitale, Fundi aliuliza, "Kule Misikhu mvua imenyesha?" Nikasema imenyesha, na kwamba ghala limejaa, au halijajaa. Hakuniuliza zaidi.

Mwaka mmoja mahindi yalikuwa mengi, na panya wakawa wengi kuyazidi. Mwaka huohuo ugonjwa wa kutapika uliwamaliza paka wa soko la Misikhu. Alibaki paka wa ghala la kaka yake Fundi tu, kwa kuwa alikuwa amefungiwa ndani na mimba yake. Alizaa, akanyonyesha siku chache, kisha akatoka kuota jua na mbwa wakamrarua. Katika ghala lile kulikuwa na mbegu ya kupanda ya nusu ya majirani, na panya walikuwa wanatoboa magunia mchana kweupe.

Shemeji yake Fundi, mke wa yule kaka, alinivuta nyuma ya ghala nilipofika kununua. Alikuwa amewawekea watoto maziwa ya ng'ombe kwenye kisahani, akawachovya midomo. Wakaharisha. Mmoja alikuwa amekwisha kufa.

"Mwambie shemeji akuje halaka," alisema. "Lakini usiseme mzee amemwita, kwa sababu hajamwita."

"Mzee anajua unanituma?"

"Anajua. Ndiyo maana ameenda kusimama kule mbele."

Nilirudi Kitale kwa lori la kwanza. Fundi alikuwa anashona kaptura za shule, rundo zima, shule ikikaribia kufunguliwa. Nilimweleza yote naye hakusimamisha mashine. Aliuliza kama mama yao alikuwa anatapika kabla ya kufa. Nikasema hapana, ni mbwa.

"Wanalia?"

"Jana walilia kutwa, shemeji yako anasema. Leo asubuhi wamenyamaza."

Hapo alinyanyua mguu kwenye pedali. Alifunika cherehani, akachukua chupa, vitambaa na pamba, akamwambia Mhindi atarudi akirudi. Tukapanda lori lililokuwa linateremka. Njia nzima alizungumza juu ya vifungo: vya mfupa, vya shaba, na jinsi vifungo vya siku hizi visivyofaa.

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni pa ghala.

"Umefika," akasema.

"Nimefika."

"Wako huko ndani."

Walikuwa watatu, wamelala mbalimbali kwenye gunia tupu. Fundi alipiga magoti, akawapima mdomo kwa kidole, akawavuta ngozi ya shingo. Ngozi ilisimama. Wawili akawatia ndani ya shati lake. Wa tatu akamshika kiganjani, akatazama huku na huku, kisha akamtazama kaka yake.

"Fungua shati."

Yule mtu mzima, aliyeheshimiwa kanisani, alifungua vifungo mbele ya mke wake na mbele yangu. Fundi akamweka yule mtoto kifuani pake. Nilimwona mtoto akigeuza kichwa mara moja, akitafuta. Wakaketi kwenye magunia ya mahindi, bega kwa bega, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kukaa. Mimi na shemeji tulichemsha maji na maziwa ya mbuzi, tukarudi, tukasimama mlangoni. Tulitaka kusikia watasema nini baada ya miaka ile yote.

"Yako imesonga?" aliuliza Fundi.

"Imesonga kidogo."

"Usiibane."

"Sijaibana."

"Si mkono yako iko juu yake?"

"Mkono ni ya kuzuia baridi, bana."

Hayo ndiyo waliyosema. Wale wawili wa Fundi walipopata joto, aliwapa maji ya uvuguvugu yenye sukari kidogo sana, kisha maziwa kwa utambi, na mmoja akauvuta ule utambi kwa nguvu hata Fundi akacheka peke yake. Wa kaka hakuamka. Alasiri yule mzee alichungulia ndani ya shati lake.

"Nimekosea wapi?" aliuliza. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka jibu.

Fundi alimchukua yule mtoto kutoka kifuani pake, akamfunga kwenye kitambaa. "Hujakosea. Hii ilikuwa imeenda kabla mimi sijafika."

Haikuwa kweli. Mimi nilikiona kile kichwa kikigeuka, na Fundi alikiona kabla yangu. Alikuwa mtu wa uongo mwingi, wa magavana na fesheni za Nairobi, na wote nilioujua ulikuwa wa kumkinga yeye mwenyewe. Ule wa siku ile ndio pekee niliomsikia akiutoa kwa faida ya mtu mwingine.

Alikaa Misikhu siku kadhaa, mpaka wale wawili wakaanza kunenepa na kulala pamoja. Shule za Kitale zilifunguliwa bila kaptura, na wazazi walikuja kunifokea mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemficha. Aliporudi hakukaribia sanduku lake mwenyewe kabla hajaoga na kutundika koti juani, kwa sababu ya ule ugonjwa wa soko.

Shemeji alitumaini kwamba suala la shamba litakwisha. Halikwisha. Halikutajwa siku zile, wala baadaye, na nijuavyo mimi mpaka wa shamba ulibaki palepale ulipowagombanisha. Lakini wale paka wawili walikua, na safari iliyofuata kaka alipokuwa anafunga gunia langu aliuliza, "Fundi hajambo?" Nilipomfikishia, Fundi aliuma uzi akaukata kwa meno. "Mwambie sijambo," akasema. Kwa mara ya kwanza nikawa nimetumwa na mmoja wao.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Bungoma, miaka ya hamsini inaelekea kwisha. Macho yalikuwa yamemshinda, cherehani ameiuza, na alikuwa akiishi kwa binti wa marehemu mke wake, nyuma ya soko. Nilikuwa nimekwenda mazishi, nikatumia nafasi hiyo kumtafuta. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda uani, na mtoto wa paka mapajani, mchanga kabisa. Alinijua kwa sauti.

Nilimgusa yule mtoto kama alivyonifundisha. Alikuwa na joto. Lakini alikuwa mwembamba, na pumzi yake ilikuwa na kelele, na puani palikuwa na povu la maziwa.

"Mtie kidole mdomoni," alisema Fundi. "Juu."

Nikatia. Paa la mdomo lilikuwa limepasuka katikati, kutoka mbele mpaka ndani nisikofika.

"Amezaliwa hivyo. Ananyonya, maziwa inatokea kwa pua, nyingine inaingia kifuani. Jana alikuwa na nguvu kidogo."

"Utafanya nini?"

"Hakuna."

"Basi mbona unakaa naye?"

"Mama yake amemtoa kwa wengine," alisema. "Amemtoa mara tatu."

Aliniuliza habari za Matisi, za kwaya, nani amefiwa na nani ameozesha binti. Nilimweleza. Alicheka mahali pa kucheka. Mkono wake haukuondoka juu ya yule mtoto, na kila baada ya muda ile pumzi yenye kelele ilisita, kisha ikaanza tena. Nilisikia honi kule barabarani, nikajua ni basi la Kitale, na kwamba hakuna lingine siku hiyo. Nikasimama, nikafunga kitambaa kichwani, nikaanza kuaga.

"Ngoja kidogo, Mama Nekesa," alisema. "Hajamaliza."

Nikaketi tena, nikiisikiliza ile pumzi. Basi lilipiga honi mara nyingine, kisha likaondoka.